Bwana Harusi wa Kuazima

Ko! Ko! Ko! Nilisikia nyundo kabla sijakata kona. Likafuata tusi, kisha kipigo kimoja chepesi cha woga, cha mtu aliyekwisha kujigonga kidole. Nikajua ni Bixente. Mjini kwetu hakuna mwingine anayetukana kwa sauti nzito kama ya padri.

Nilipotokeza nikamwona juu ya ngazi, mbele ya mlango wa Klabu, anapigilia bendera ya rangi za upinde wa mvua. Ilikuwa mpya, bado ina mikunjo ya mfuko wa dukani. Wazee wawili walishika ngazi, kila mmoja akimwelekeza upande wake.

"Oihan!" akaniita. "Njoo uone. Nani alisema sisi ni watu wa kale?"

"Hakuna aliyesema, Mzee Bixente."

"Wewe ulisema! Sikukuu ya mtakatifu wa mji, mbele ya watu wote. Ulituita mapango yenye masharubu."

"Beti ilikuwa nzuri."

"Nzuri sana. Ndiyo maana inaniwasha mpaka leo."

Nikacheka. Kwa kweli nilifurahi. Jumamosi iliyokuwa inakuja dada yangu Garazi na Uxue wake walikuwa wanaoana, kwa meya kwanza, kisha karamu hapa Klabu. Wabunge huko Madrid walipopitisha sheria ya kuwaruhusu wanawake wawili au wanaume wawili waoane, mimi nilikuwa bado mtoto, lakini namkumbuka shangazi akifunga madirisha kama mvua ya mawe inakuja. Sasa shangazi huyo huyo alikuwa amemnunia mama kwa sababu amepangiwa kiti mbali na maharusi. Jana alikufungia dirisha, leo anagombea kiti. Nani aliyewahi kuelewa watu?

Klabu ni jiko, meza ndefu na wanaume. Kila mwanachama ana ufunguo wake. Anaingia na samaki wake, anawapikia wenzake, wanakula, wanaimba, wanagombana, wanaosha vyombo, wanarudi makwao. Wake na mabinti hukaribishwa mezani Ijumaa na siku za sherehe. Mezani tu. Mlango wa jikoni una kizingiti cha jiwe, na hicho mwanamke hakivuki. Usiniulize sababu. Mimi nimeuliza tangu naota meno, na jibu ni hilo hilo: ndivyo ilivyo.

Basi mwanachama akimwoza mtoto wake, alfajiri ya harusi bwana harusi husimama naye jikoni mbele ya moto. Wanashika chungu kipana cha udongo, mmoja huku, mmoja huku, wanakizungusha polepole, ndani mna samaki wa chumvi na mafuta ya zeituni na vitunguu saumu, mpaka mafuta yenyewe yageuke mchuzi mweupe mzito. Mchuzi ukishikana, mzee humlambisha bwana harusi kijiko cha kwanza. Hapo ndipo mtu amekuwa wa nyumba. Meya na aseme atakalo.

Garazi hakuomba gauni wala gari la maua. Aliomba kitu kimoja, kuzungusha chungu na baba. Utotoni alikuwa anakaa kwenye kile kizingiti, magoti kifuani, anamtazama baba akipika, na mimi, niliyechukia jiko kuliko shule, nikipitishwa juu ya kichwa chake kwenda kuunguza vitunguu. Alijifunza kwa macho. Siku hizi anapika nyumbani kwake jijini Bilbao, na mimi naomba mkate nipanguse sahani.

Bixente akashuka, akafuta mikono kwenye suruali.

"Nina mambo mawili nawe. La kwanza, Jumamosi utatuimbia. Beti tatu, nne. Useme Klabu hii imefungua moyo wake. Waandishi wa gazeti la bondeni watakuja."

"Kuimba nitaimba."

Mimi ni malenga wa papo kwa papo. Unanipa jambo, nafumba macho, nafungua kinywa. Sikwenda shule ya mashairi kama vijana wa pwani wanaolipiwa walimu. Nilijifundisha kiwandani, nikipanga vina juu ya kelele za mashine ya kukata vyuma, na yeyote anayetaka kupambana nami namkaribisha.

"La pili," akasema Bixente, "ni lile la chungu. Tumelimaliza."

"Mmemruhusu!"

"Tumelimaliza, nimesema. Tulikaa kikao, tukasoma kanuni. Kanuni inasema bwana harusi ndiye anayesimama na mzee. Hapa mabibi harusi wapo wawili, bwana harusi hayupo. Ndipo tukaona, kaka mtu yupo. Utasimama wewe."

Nilidhani ananitania. Nikawatazama wale wazee wawili. Walikuwa wanaangalia bendera kwa makini, kama inaweza kuruka.

"Mimi niwe bwana harusi wa dada yangu?"

"Kwa dakika chache! Wa kuazima. Unasimama, unazungusha, unalamba kijiko, basi. Usinikodolee macho hivyo."

"Mzee Bixente, ngoja nielewe. Mwanamke kumwoa mwanamke, sawa?"

"Sawa kabisa! Wakati umebadilika."

"Kumbusu mezani kwenu, mbele ya gazeti?"

"Na tutapiga makofi."

"Kushika chungu?"

"Sasa unaanza."

"Hamuogopi watu wasemacho, hamuogopi Papa, mnaogopa mwanamke aliyeshika kitunguu!"

"Pole pole, mwanangu. Kitu kimoja kimoja. Tukifungua kila mlango siku moja, upepo utatubeba." Akanikaribia, akapunguza sauti. "Halafu, kabla hujanitukana kwa vina, baba yako amekubali."

Nilikwenda nyumbani kama mtu anayefukuzwa. Baba alikuwa sebuleni na gazeti, mama anapiga pasi kitambaa cha meza.

"Baba, umekubali?"

Hakuuliza nini. Alikunja gazeti mara mbili, mara tatu, mpaka likakataa kukunjika.

"Umekubali nini, Inazio?" mama akauliza.

Nikamweleza mama. Akaiweka pasi wima.

"Ala! Mimi naolewa, nazaa, nazeeka, mume wangu anasifiwa kwa upishi mpaka ng'ambo ya mlima, na hilo jiko sijui hata rangi ya ukuta wake. Nilidhani angalau mtoto atakuja kunisimulia."

"Maixabel, usinianze na wewe."

"Sijaanza. Nikianza utajua."

Nikamwambia baba alichostahili kuambiwa. Kwamba Garazi anasubiri jibu kwa simu. Kwamba amenunua aproni. Akanisikiliza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Unakumbuka ule mwaka niliokaa bila kusema naye?"

Nani hakumbuki? Garazi alitueleza mezani, uma mkononi, kwamba anampenda mwanamke. Baba akainuka, akaenda zake. Mwaka mzima hakulitaja jina lake. Garazi akahamia Bilbao na mabegi yake, na nyumba ikawa kama jino lililong'olewa, ulimi kila mara unarudi pale pale.

"Nilikuwa nakwenda Klabu sili," baba akasema. "Nakaa tu. Siku moja Bixente akapika, akaniwekea sahani mbele yangu. Akaniambia, 'Inazio, mimi mtoto wangu nilimzika. Wewe wako yu hai na unamzika kwa mikono yako. Kula, kisha nenda Bilbao.' Nikala. Nikaenda."

Mama alikuwa hajui. Niliona kwa jinsi alivyoacha mkono hewani.

"Garazi anajua?" nikauliza.

"Anadhani nilijiendea mwenyewe. Nimemwachia adhani hivyo." Akaangalia viatu vyake. "Sasa huyo mtu ananiomba jambo dogo. Nimwambie nini? Mwambie wewe dada yako, Oihan. Wewe una maneno."

"Mimi? Jambo umelikoroga wewe!"

"Nakuomba."

"Mwambie mwenyewe, baba. Kinywa unacho."

Nikatoka, nikabamiza mlango mpaka jirani akagonga ukuta. Ijumaa ikafika, na baba hakuwa amesema neno.

Ijumaa hiyo ilikuwa ya familia. Klabu ilijaa, pombe ya matufaha ikimiminwa kutoka juu, pilipili za kukaanga zikipita mkono kwa mkono. Garazi na Uxue walikuja kutoka Bilbao, wakakaa katikati ya meza, na kila mzee alipita kuwabusu mashavuni. Kusema haki, walibusu kwa moyo. Mmoja alimwambia Uxue, "Bibi yangu anauliza, gauni ni mbili au moja?" Uxue akajibu, "Mbili, mzee, ila deni ni moja," na meza nzima ikaangua kicheko. Uxue ni fundi wa lifti. Ana mdomo unaopanda na kushuka kama kazi yake.

"Shemeji," akaniambia, "mbona uso umeukunja kama karatasi ya samaki?"

"Muulize baba mkwe wako."

Baba alikuwa jikoni. Tangu tuingie hakutoka. Tulimwona kupitia mlango uliokuwa wazi, mgongo tu, anasugua sufuria iliyokwisha takata.

"Baba ana nini?" Garazi akauliza. "Nimemtajia chungu mara mbili, mara zote amekumbuka kitu kwenye friji."

Nilifungua mdomo. Kabla sijasema, Bixente akagonga glasi kwa kisu.

"Jamani! Malenga wetu atufanyie mazoezi ya kesho. Nampa jambo mimi mwenyewe." Akanikonyeza, maskini, akidhani tumo pamoja. "Oihan, wewe ni bwana harusi. Imba!"

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Nikasimama. Kwetu ukipewa jambo huombi muda. Ukisita umeshindwa, na mimi sijawahi kusita. Nikafumba macho, nikachukua sauti ya wimbo wa zamani ambao hata watoto wanaujua, nikaimba:

Bwana harusi ni nani? Kakaye achaguliwe,
Bendera i mlangoni, dadaye azuiliwe,
Mwamruhusu ndoani, mwiko asikabidhiwe,
Baba yu kimya jikoni, kwa mlo anunuliwe!

Mstari wa mwisho kwetu meza huudaka, huuimba tena pamoja na malenga. Ndiyo desturi, mdomo unaenda wenyewe. Wakaudaka. Ukumbi mzima uliimba kwamba baba yangu amenunuliwa kwa mlo, wakaimba kwa sauti nzuri, na katikati ya neno la mwisho wakaanza kuelewa, mmoja mmoja, sauti zikianguka kama vijiko.

Jikoni sufuria ilinyamaza.

Nilifumbua macho nikitarajia dada yangu atanikumbatia. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyeleta panya zuliani.

"Ndivyo nilivyopaswa kuambiwa?" akasema. "Kwa vina?"

"Garazi, hakuna mtu aliyekuwa na ujasiri wa—"

"Simu huna?"

"Nilikuwa nakutetea!"

"Kila mtu humu ananitetea! Huyu ananipigilia bendera, huyu ananiimbia, baba ananisugulia masufuria. Nani ameniuliza kitu? Nyinyi mnafanya harusi yangu kama vile mimi ni mgeni niliyechelewa." Akanigeukia vizuri. "Na makofi umepata? Hukupata. Kaa chini."

Nikakaa. Uxue akanisogezea glasi bila kunitazama.

"Mlo gani?" Garazi akauliza meza. "Amesema baba kanunuliwa kwa mlo. Mlo gani?"

Bixente alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Nilimwona jinsi alivyoumia, na niliona ni mstari wangu uliomuumiza, na bado, Mungu anisamehe, sehemu fulani ya kichwa changu ilikuwa inasema mizani imekaa sawasawa.

Baba akaja mpaka mlangoni. Alisimama upande wa ndani wa kizingiti, kitambaa cha vyombo begani.

"Sikujiendea Bilbao," akasema. "Ule mwaka. Bixente alinilisha, akanituma. Nilikuwa siji, mwanangu. Ningekuwa bado siji."

Garazi akasukuma kiti nyuma. Kisha akamwendea Bixente.

"Ni wewe?"

"Alikuwa anatuharibia ladha," Bixente akanung'unika. "Ule uso, kila siku, juu ya chakula cha watu."

"Ni wewe uliyemtuma baba yangu kwangu."

"Mtu yeyote angefanya."

"Hakuna aliyefanya." Akamshika mkono, mkono ule wenye kidole kilichovimba kwa nyundo. "Asante, Mzee Bixente. Nasema kweli. Sasa nieleze, maana nashindwa. Ulimvusha baba kutoka pale alipokuwa mpaka mlangoni kwangu, na leo mimi unanizuia kuvuka jiwe hili moja?"

"Bilbao si jikoni kwetu," Bixente akasema, na alisema kwa huzuni, kama daktari. "Bilbao haina kanuni. Ningekuwa peke yangu... lakini wapo wenzangu, wapo waliokufa walioiandika. Inatakiwa mkutano mkuu, inatakiwa theluthi mbili—"

"Harusi ni kesho!"

"Ndiyo nasema, tungeanza mapema—"

"Huko mapema tulikuwa tunajificha!" Uxue akapaza sauti kutoka mezani. "Mlitaka tulete maombi tukiwa kabatini?"

Mzee mmoja akacheka, mkewe akampiga kiwiko. Mwingine akasema mbona wasipige kura sasa hivi. Mwingine akasema kura bila taarifa ni batili. Mwingine akasema batili ni akili zake. Wakaanza. Kwa muda wa pumzi moja nilisahau kwamba ninawapenda watu hawa, nikataka kuitoa ile bendera niwafunike nayo wote kama ndege wa kwenye kizimba, walale. Mama alikuwa amekaa ametulia kabisa, anakula pilipili zake, anamtazama baba.

Garazi hakubishana tena. Alikwenda mpaka kwenye kizingiti. Hakuvuka. Aliweka ncha za viatu kwenye ukingo wa jiwe, amebakiza unywele tu avuke, na kelele zikapungua kwa sababu watu walidhani atavuka, na nadhani wengine walitamani avuke ili wakasirike kwa urahisi.

"Baba," akasema. "Mimi siwaulizi hao. Wewe nakuuliza. Unataka nani ashike chungu nawe?"

Baba akasema, "Unajua nimtakaye."

"Sijui. Nimechoka kujua mambo ambayo hujayasema."

Nilimwona baba akimtafuta Bixente kwa macho, na Bixente, sijui kwa nini, akainamisha kichwa, akaanza kukusanya sahani chafu, moja juu ya nyingine, taratibu, kama mtu aliyeachiwa zamu.

Baba akalivua lile aproni la Klabu lenye jina lake, akalitundika msumarini mahali pake. Akavuka kizingiti kuja upande wetu.

"Wewe," akasema. "Nakutaka wewe."

"Mbele ya hawa?"

"Mbele ya hawa."

"Inazio, fikiri," Bixente akasema bila kugeuka. "Wageni ni wengi. Jiko hili ndilo pekee mjini lenye moto wa kutosha. Utawapikia wapi?"

"Sijui bado."

"Mvua itanyesha kesho."

"Na inyeshe!" Sauti yake ilipanda, sikumbuki nimewahi kuisikia juu hivyo. Halafu akaishusha, akamshika Garazi mabega yote mawili, na akamwambia yeye peke yake, ingawa sote tulisikia: "Mwanangu, kesho kabla meya hajafungua mdomo mtakuwa mmekula kijiko changu kwanza. Wewe utashika huku, mimi huku. Wakitufungulia hapa kabla ya alfajiri, tutapika hapa. Wasipofungua, tutapika chini ya ukuta wa kanisa, na Oihan atashika mwavuli na kufunga mdomo. Lakini bila wewe sitaugusa moto, si kesho, si siku nyingine yoyote, katika jiko lolote. Nakuahidi."